Wakuu, lile tope la Uru ni ushahidi wa gharika ya Nuhu kweli?

MwanaSemina:

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua, naomba wenye kujua mnisaidie hasa waliosomea mambo ya kale. Kwenye semina ya vijana kanisani kwetu mwalimu alifundisha gharika ya Nuhu akasema sayansi imeshathibitisha, kwamba kuna Mwingereza anaitwa Leonard Woolley alichimba pale Uru wa Wakaldayo, mji alikotoka baba yetu Ibrahimu, akakuta tope tupu la zaidi ya mita 3 halina hata kigae kimoja, chini ya tope kuna vyungu vya watu na juu ya tope kuna vyungu vya watu wengine, kwa hiyo hapo katikati ndio gharika ilipita ikafuta kila kitu. Ukumbi mzima Amina. Alafu kijana mmoja wa chuo akanyoosha mkono akasema hiyo habari ni ya zamani na wanaakiolojia wenyewe walishaiacha, mwalimu akamjibu kwamba wasomi siku zote wanaikimbia Biblia, mjadala ukaishia hapo.

Mimi nimebaki njia panda. Nikiingia mtandaoni nakutana na vidio za kile kitu chenye umbo la meli kule Uturuki, wengine wanasema ni Bahari Nyeusi ilifurika, wengine wanasema kombe za baharini zipo mpaka juu ya Everest kwa hiyo maji yalifika kule. Mjue mimi ni muumini, sitafuti ubishi wala kukejeli dini ya mtu. Nimepangiwa kuongoza somo la Mwanzo 6 mpaka 9 na vijana wa siku hizi simu iko mkononi, ukisema kitu wanakitafuta papo hapo, kwa hiyo nikisimama mbele nataka nisimame na kitu cha kweli.

Mchokoa Magofu:

Mkuu karibu, umeuliza vizuri. Nilisomea akiolojia Mlimani, Mesopotamia, yaani Iraki ya kale ulipokuwa mji wa Uru, sio eneo langu la kazi ila ni habari naipenda sana na nimeisoma kwa muda, ngoja nikupe nilichonacho.

Mwalimu wako hajatunga. Woolley alichimba Uru kuanzia 1922 mpaka 1934 kwa niaba ya British Museum na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ndiye aliyefukua yale makaburi ya kifalme yenye dhahabu. Msimu wa 1928 kwenda 1929 akataka kujua chini ya makaburi kuna nini, akachimbisha shimo jembamba kwenda chini. Wakapita vigae, majivu, takataka za watu wa kale, ghafla vikaisha vyote likaja tope safi la mto. Kibarua aliyekuwa shimoni akasema tumefika mwisho, huu udongo haujawahi kuguswa na mtu. Woolley akapima usawa akaona haiwezekani, bado wako juu mno, akamwambia shuka tena. Wakachimba kama mita 2 na nusu za tope tupu kisha vigae vikarudi, safari hii ni vya watu wa utamaduni wa Ubaid, waliokaa pale kabla ya miji mikubwa ya Wasumeri, wale watu wa kale wa kusini mwa Iraki. Anasimulia mwenyewe kwamba aliwaita wenzake wawili watazame wakakosa la kusema, mke wake Katharine akapita, akachungulia, akasema bila shaka ni ile Gharika. Baadae wakafungua shimo kubwa zaidi na humo tope lilizidi mita 3. Magazeti ya dunia nzima yakaichukua, ndio imefika mpaka semina yenu.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana ndio uzito wote uko hapo. Woolley alitoboa mashimo mengi palepale Uru na mengine hayakuwa na hilo tope, yaani mji huohuo upande huu umefunikwa na upande ule umebaki. Tell al-Ubaid ipo kilomita kama 6 tu kutoka Uru, tope hakuna. Eridu, ambao Wasumeri wenyewe waliuhesabu kuwa mji wa kwanza kabisa, upo kilomita ishirini na kitu hivi, ukachimbwa 1946 mpaka 1949 na Fuad Safar wa Iraki pamoja na Seton Lloyd, wakakuta hekalu juu ya hekalu juu ya hekalu mpaka wakagota kwenye mchanga wa asili, na hakuna tabaka la gharika popote katikati. Eridu imekaa bondeni. Maji yaliyofunika milima yote chini ya mbingu yangeiachaje?

Alafu njoo kwenye tarehe. Tope la Uru ni la mwisho wa Ubaid, kabla ya 3500 KK. Kishi, kaskazini huko karibu na Babeli, nako walikuta matope ya mafuriko tena zaidi ya mara moja, lakini ni ya karibu 2900 KK kuja mbele. Na Shuruppak, mji mwingine wa Wasumeri ambako Erich Schmidt alichimba 1931, tope ni la karibu 2900 KK. Kwa hiyo tunachokiona ardhini ni mafuriko mbalimbali yaliyopishana kwa mamia ya miaka, huwezi kuyashona yakawa moja. Woolley mwenyewe aliandika wazi kwamba halikuwa gharika la dunia nzima, ni furiko kubwa la bonde la Frati na Tigri (ule mto Biblia inauita Hidekeli), na hili neno lake ndilo watu wanaloliacha wanapomtaja.

Na ukiijua ile nchi huwezi kushangaa. Theluji ya milima ya Uturuki inayeyuka kipindi kilekile cha mvua za masika, maji yote yanashuka Aprili na Mei wakati ngano na shayiri zinakaribia kuvunwa, yanakuta nchi bapa mno. Baghdad ipo zaidi ya kilomita 500 kutoka baharini na bado iko mita 34 tu juu ya usawa wa bahari. Tena mito yenyewe imejijengea kingo kwa tope lake mpaka mkondo uko juu kuliko mashamba ya pembeni, kingo zikikatika hakuna mahali pa kukimbilia. Waliokuwa Rufiji na Kibiti Aprili 2024 wanaelewa nini maana ya kutazama huku na huku usione nchi kavu. Kwa mtu wa Shuruppak mwaka 2900 KK, dunia aliyoijua yote ilizama.

Jemedari wa Msalaba:

Mtumishi MwanaSemina usitikiswe. Hawa ndugu zetu wanaakiolojia wanachimba vishimo viwili vitatu wanataka kupinga Neno lililosimama miaka yote. Mimi nauliza swali moja tu nijibiwe, kama gharika lilikuwa la bonde moja mbona makabila ya dunia nzima yana hiyo habari? Wachina wanayo, Wahindi wanayo, Wahindi wekundu wa Amerika wanayo, hata hapa kwetu Wamasai walikuwa na habari ya mzee Tumbainot aliyejenga safina akaingia na wake zake na watoto na wanyama, na hao hawakusoma Mwanzo. Wote walitoka kwa watoto watatu wa Nuhu wakatawanyika na kumbukumbu ileile. Na zile kombe za baharini kwenye vilele vya milima nani alizipandisha? Dinosaria waliozikwa kwa mafungu mpaka kule Tendaguru Lindi nani aliwazika kwa mara moja kama sio maji? Nasema haya kwa upendo, Mungu aliyeumba maji hashindwi kuyapandisha.

Ole wa Longido:

Kaka Jemedari heshima yako. Umemtaja Tumbainot na mimi ni wa huko huko acha niseme. Ile habari ilivyoandikwa ni nzuri sana kuliko watu wanavyoijua. Mtu mmoja Nambija alimpiga mwenzake Suage kichwani akamuua, Mungu akakasirika akaazimia kuwaangamiza watu, akamhurumia Tumbainot peke yake kwa kuwa alikuwa mwenye haki. Akaingia kwenye safina ya mbao na wake zake wawili, wana sita na wake zao, na wanyama. Mvua ilipokatika akamtuma njiwa, akarudi amechoka hoi maana hakukuta pa kutua. Akamfunga tumbusi mshale kwenye manyoya ya mkia akamwachia, kwa akili kwamba tumbusi akitua kwenye mzoga mshale utanasa utachomoka. Jioni tumbusi karudi bila mshale, mzee akajua nchi imeanza kuonekana. Walipotoka wakaona pinde nne za mvua pande nne za mbingu, wakajua hasira imekwisha.

Sasa aliyeiandika ni afisa wa Kijerumani, Moritz Merker, kitabu cha 1904, na yeye alikuwa anaamini kabisa kwamba Wamasai na Waisraeli wa kale ni ukoo mmoja, alikuwa anatafuta ushahidi wa hilo. Na wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walishafika Kilimanjaro tangu 1893. Kwa hiyo mtu aliyeisimulia kwa Merker huenda alishaisikia habari ya Nuhu mahali akaivika nguo za kifugaji, au huenda ilikuwepo tangu zamani, kwa ushahidi huo mmoja huwezi kukata. Mimi inaniuma kuona habari ya wazee wetu inatumiwa kama stempu ya kuthibitishia kitu kingine, hakuna anayeuliza huyo tumbusi na mshale vilitoka kwenye akili gani. Anayejua tumbusi kiasi hicho ni mtu aliyekaa na ng'ombe maisha yake yote.

Binti Lindi:

Nimeona Tendaguru imetajwa, siwezi kupita kimya jamani, nyumbani huko, na nafundisha jiografia sekondari.

Ndugu Jemedari, Tendaguru ni mfano unaokwenda kinyume na unavyotaka. Wajerumani wa makumbusho ya Berlin walichimba pale 1909 mpaka 1913, ila mikono iliyochimba ni ya watu wetu, mamia yao, na msimamizi wao Boheti bin Amrani alikuwa anajua mifupa kuliko wageni wengi. Mizigo ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Yule mkubwa aliyesimama Berlin leo ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ni mtoto wa Lindi. Sasa tazama jinsi matabaka yalivyokaa. Kuna tabaka la dinosaria, juu yake mchanga wa bahari umejaa kombe, juu yake tena dinosaria, tena bahari yenye kombe, tena dinosaria. Bahari imekuja na kuondoka, imekuja na kuondoka, na kila ilipoondoka wanyama wamerudi wakaishi, wakala, wakakua, wakafa. Gharika la mwaka mmoja lingezika mara moja tu. Nani aliyekuja kutembea na kula majani hapo katikati wakati dunia iko chini ya maji? Hayo matabaka yana miaka kama milioni 150.

Na habari ya kombe mlimani sio lazima mwende Everest. Nendeni Mombasa, Unguja, Kilwa, mji wa kale wote umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na hayo mawe yamechimbwa nchi kavu. Ni mwamba wa matumbawe wa kale, uliota kama miaka 125,000 iliyopita wakati bahari iko juu kuliko leo kwa mita kadhaa, bahari ikashuka mwamba ukabaki. Kwa hiyo ndio, bahari ilikuwa hapo. Lakini matumbawe yanaota polepole mno na yanataka maji safi yenye mwanga, tope kidogo tu yanakufa, muulize mvuvi yeyote mto unaomwaga maji machafu unafanya nini kwenye miamba. Gharika lenye tope halijengi matumbawe, linayaua. Na Everest pale juu ni chokaa ya sakafu ya bahari iliyokuwepo kati ya Bara Hindi na Asia, India ikasukuma kuja kaskazini sakafu ikakunjwa ikapanda. Maji hayakupanda mlimani, mlima ndio umetoka majini.

Msiniambie sina imani, mimi naimba kwaya. Ila mwanafunzi wangu akitoka darasani na jibu la uongo kwa jina la Mungu atakapoujua ukweli ataacha vyote viwili, nimewaona wakiacha.

Wa Matema:

Naongezea kidogo kwa dada. Ziwa Nyasa, 2005 walitoboa chini ya ziwa wakatoa nguzo za tope zinazorudi nyuma zaidi ya miaka milioni. Upande wetu wa kaskazini mwa ziwa kuna sehemu tope limekaa mistari mistari, mweupe na mweusi, kila jozi ni mwaka mmoja. Maji yangekuja juu ya dunia nzima miaka elfu nne au tano iliyopita ile mistari ingevurugwa au kungekuwa na tabaka moja nene limepita katikati ya kila ziwa na kila kisiwa cha barafu kwa tarehe ileile. Halipo.

Ustadhi wa Chumbageni:

Assalaam alaykum na amani kwenu nyote. Nimeufuatilia huu mjadala, nimeona niweke na upande wetu maana Nabii Nuhu alayhi salaam ni wetu sote. Katika Qur'ani Nuhu alitumwa kwa kaumu yake, yaani watu wake, na adhabu iliishukia ile kaumu iliyomkadhibisha. Wafasiri wapo waliosema maji yalienea dunia nzima na wapo waliosema ni ardhi ya kaumu yake, na anayesema la pili hajatoka katika dini. Kwa hiyo haya mnayosema ya bonde la Iraki kwetu hayatikisi kitu.

Pili, Surat Hud aya ya 44 inasema safina ilitua juu ya Judi. Jabal Judi watu wengi wanaulaza kusini mashariki mwa Uturuki, karibu na Cizre, ukingoni mwa bonde hilohilo la Tigri. Na sio Waislamu tu, Wakristo wa Kisiria tangu zamani kabla ya Uislamu Biblia yao ilisema milima ya Qardu, pande hizohizo. Ule mlima mrefu unaoitwa Ararati sasa hivi ni kaskazini mbali, na Mwanzo yenyewe inasema milima ya Ararati, wingi, yaani nchi, ule ufalme wa kale wa Urartu. Naona ndugu zangu wanaoparamia mlima ule mmoja kutafuta mbao wanajichosha.

MwanaSemina:

Ustadhi asante sana, nimefurahi umeingia. Dada Lindi umenipa kitu kikubwa sana hapo kwenye matumbawe. Mchokoa naomba urudi, nimebaki na mawili. Hicho kitu cha Uturuki chenye umbo la meli ni nini hasa? Na umetaja Shuruppak mara mbili, kuna nini Shuruppak?

Mchokoa Magofu:

La Uturuki nitalipitia haraka. Kinaitwa Durupınar, kwa jina la kapteni wa jeshi la Uturuki aliyekiona kwenye picha za ndege mwaka 1959, kipo kilomita kama 30 kusini mwa kilele cha Ararati na kina urefu wa kama mita 160, karibu na vipimo vya safina ndio maana watu walishtuka. Wanajiolojia waliokwenda wamekuta ni mwamba na udongo uliotiririka ukapita pembeni ya mwamba mgumu ukaacha umbo la jani. Kuna na Mfaransa Fernand Navarra aliyeshusha kipande cha mbao kutoka Ararati 1955, kilipopimwa kwa kaboni maabara tofauti wakapata ni mti wa karne ya 7 au ya 8 baada ya Kristo. Na Ararati yenyewe ni volkano, iliwahi kulipuka 1840. Usiiweke kwenye somo lako kabisa.

Shuruppak ndio moyo wa habari. Mwaka 1872 kulikuwa na kijana London anaitwa George Smith, kazi aliyosomea ni kuchonga mabamba ya kuchapia noti, hakuwa na chuo, alijifunza mwenyewe kusoma maandishi ya kikabari, zile alama za kale zilizokandamizwa kwenye udongo, mpaka British Museum wakamchukua. Akiwa anapanga vipande vya udongo kutoka maktaba ya mfalme Ashurbanipal kule Ninawi, akakuta mstari unasema meli imekwama mlimani, njiwa ametumwa, hakukuta pa kutua, amerudi. Tarehe 3 Desemba 1872 akaisoma mbele ya watu, waziri mkuu Gladstone akiwemo ukumbini. Gazeti la Daily Telegraph likatoa pesa akaenda Ninawi mwenyewe 1873 akapata kipande kingine cha habari ya gharika. Akafariki 1876 kule Aleppo, kijana wa miaka 36. Lile bamba la udongo ni la 11 la Gilgameshi, utenzi wa kale wa Babeli, na aliyeokoka humo anaitwa Utnapishtimu, anaitwa kwa heshima mtu wa Shuruppak.

Kisha vikaja vingine vya kale zaidi. Kuna Atrahasisi, utenzi mwingine wa Babeli unaoitwa kwa jina la shujaa wake, nakala yake maarufu ni ya karne ya 17 KK. Kuna bamba la Kisumeri kutoka mji wa Nippur lililochapishwa na Arno Poebel 1914, shujaa humo ni Ziusudra. Na kuna orodha ya wafalme wa Sumeri, nakala nzuri ipo Oxford kwenye makumbusho ya Ashmolean, inataja wafalme waliotawala miaka maelfu kwa maelfu katika miji mitano, wa mwisho ni Shuruppak, kisha inasema gharika likapita juu ya nchi, na baada ya gharika ufalme ukashuka tena kutoka mbinguni, ukashukia Kishi. Sasa kumbuka nilichosema juu ya matope. Shuruppak karibu 2900 KK. Kishi kuanzia karibu 2900 KK. Mji waliosema gharika ilimkuta shujaa wao ndio ambao Schmidt alikuta tope la kipindi kilekile ambacho orodha yao inakatika. Kwangu mimi hapo ndipo ardhi na hadithi zinasalimiana, sio Uru. Wasomi wengi wanaona kwamba furiko moja zito la wakati ule liliwaumiza watu mpaka wakaanza kuhesabu historia yao kabla yake na baada yake.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya vijana usiwaambie Woolley alikuta gharika la Nuhu, na vilevile usikubali mtu akuambie hakuna kitu. Na ukiwa na ile tarehe ya gharika aliyoikokotoa Askofu Ussher kutoka kwenye Biblia, 2348 KK, iache pia. Piramidi kubwa la Giza lilishajengwa karibu miaka 200 kabla ya hapo na Wamisri waliendelea kuandika bila kukatika.

Kipanga:

Na Bahari Nyeusi je? Niliona makala ya kwamba ndio chanzo cha hadithi zote.

Mchokoa Magofu:

Hiyo ni ya William Ryan na Walter Pitman wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliitoa 1997. Walisema Bahari Nyeusi ilikuwa ziwa la maji baridi chini sana, Mediterania ikapanda kadri barafu ya dunia inavyoyeyuka mpaka kama 5600 KK ikabomoa pale kwenye mlango wa bahari wa Bosporus ikamwagika ndani kwa kishindo. Robert Ballard akaenda na vyombo vya chini ya bahari akakuta fukwe za kale zilizozama. Ni wazo zuri na kupanda kwa maji ni kweli, ugomvi ni ukubwa na kasi. Kuna watafiti kama Aksu na Hiscott waliokuta dalili kwamba maji yalikuwa yanatoka Bahari Nyeusi kwenda nje maelfu ya miaka kabla, na utafiti wa 2009 kwenye delta ya Danubi ukaonyesha ziwa lilipanda labda mita 5 mpaka 10, sio yale makumi ya mita ya mwanzo. Tena hadithi zetu za kale zote zinaongea mvua, mto, na nchi inayokauka baadae. Bahari Nyeusi haikukauka, waliohama walihama moja kwa moja. Hainishawishi.

Jemedari wa Msalaba:

Sawa, nimesoma yote kwa makini na namheshimu dada wa Lindi. Lakini mkuu Mchokoa hapo unatupeleka pabaya, unataka kusema Musa alinakili kwa wapagani. Mimi nasema wapagani ndio waliopotosha habari ya kweli ya Nuhu. Miungu yao ni ya ajabu ajabu.

Mchokoa Magofu:

Kaka hapo kwenye miungu umegusa penyewe, na ndipo ningependa somo la MwanaSemina lisimame. Kwenye Atrahasisi gharika inaletwa kwa sababu watu wamekuwa wengi wanapiga kelele na mungu wao mkuu Enlili hapati usingizi. Miungu mingine maji yalipokuja inaogopa, kwenye Gilgameshi inajikunyata kama mbwa ukutani. Kwa kuwa watu wote wamekufa hakuna wa kuilisha, Utnapishtimu anapotoa sadaka inasikia harufu inamzunguka kama nzi. Sasa fungua Mwanzo. Meli ipo, lami ipo, kunguru na njiwa wapo, sadaka na harufu yake ipo, lakini sababu imebadilika kabisa, dunia imejaa dhuluma. Mungu hana njaa na haogopi maji, na mwisho anafunga agano na kila chenye mwili. Aliyeandika aliijua habari iliyokuwa inasimuliwa nchi zote zile naye akasema hapana, Mungu hayuko hivyo. Mimi sioni hapo pa kumshusha Musa.

Na ukisoma taratibu utaona hata ndani ya Mwanzo kuna simulizi mbili zimesukwa pamoja, 6:19 inasema wawili wawili na 7:2 inasema wanyama safi saba saba, mahali pengine siku 40 na mahali pengine siku 150. Waliozisuka hawakuona haja ya kufuta moja.

MwanaSemina:

Ubarikiwe mkuu. La mwisho kabisa. Waisraeli waliipatia wapi hiyo habari ya Wasumeri? Kijana wa chuo alisema ni utumwani Babeli, baada ya Yerusalemu kuanguka 586 KK.

Mchokoa Magofu:

Utumwani waliisikia tena bila shaka, walikaa miaka kati ya watu waliokuwa wanaisoma. Lakini si lazima iwe mara ya kwanza. Pale Megido, ndani ya nchi ya Kanaani yenyewe, kimepatikana kipande cha Gilgameshi cha karne ya 14 KK hivi, Israeli haijawa na mfalme bado. Kipande hicho ni cha sehemu ya Enkidu, rafiki wa Gilgameshi, sio cha gharika, kwa hiyo kinaonyesha tu kwamba waandishi wa Kanaani walikuwa wanafundishwa hicho kitabu. Chenye nguvu zaidi ni cha Ugariti, bandari ya kale ya pwani ya Syria, mji ulioangamia mwanzoni mwa karne ya 12 KK. Humo magofuni kimetoka kipande cha Kiakadi, lugha ya Babeli, na chenyewe kinaongelea gharika, anayezungumza ni Atrahasisi mwenyewe.